Kunasa Nyimbo Nyumbani: Jinsi ya Kuunyamazisha Mvumo wa Kompyuta



Zamani mtu aliyetaka sauti yake inaswe ilimpasa kuifuata mashine huko iliko. Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari mpaka Bombay katika mwaka 1928, ili aimbe mbele ya mashine za santuri. Na wale walioimba mbele ya Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani, katika mwaka 1906, upande wa Lindi na nyanda za Makonde, hao mashine iliwafuata kwao. Walakini nyimbo zao zilichorwa juu ya nta, zikachukuliwa Ulaya.

Leo mambo yamegeuka. Kompyuta ndogo, maikrofoni moja, na kile kisanduku kiingizacho sauti ndani ya kompyuta, vyote vyaweza kukaa katika kikapu kimoja, vikapakiwa mtumbwini pamoja na mchele na nazi. Mwalimu wa kwaya aliye Kibiti mjini, hata na yule akaaye Nyamisati au katika vijiji vya ndani ya mikoko ya delta, aweza kunasa nyimbo za watu wake katika chumba chake mwenyewe, akakaa nazo, akazifundisha watoto. Jambo hili ni jema sana. Lakini msaidizi huyu, kompyuta, hana desturi ya kunyamaza. Aletwapo chumbani ili asikilize, naye huimba. Basi mwezi huu twataka tujifunze kwa taratibu jinsi ya kumnyamazisha, au kumweka mbali, hata wimbo usikike peke yake.

Tulivyokosa sisi wenyewe

Hatufundishi kama watu wasiokosa. Katika mwaka 2023 tulimwendea bibi mmoja wa hapa Kibiti, mzaliwa wa delta. Yeye aliwaongoza waimbaji tangu siku zile watu walipovuka mto Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Alikuwa na nyimbo nyingi zisizoandikwa katika kitabu cho chote, nyingine kwa Kiswahili, nyingine kwa Kindengereko. Mmoja katika hizo ulikuwa na ubeti wa mwisho upandao juu ghafula, kisha ukashuka polepole kama mtu ashukaye ngazi. Na jinsi ya kuupanda ubeti ule aliijua yeye peke yake.

Tukafika adhuhuri, wakati wa joto. Tukaiweka kompyuta juu ya meza, na maikrofoni juu ya meza ile ile, kando yake, maana waya ulikuwa mfupi. Bibi akakaa kitini mbali kidogo, akaimba kwa sauti ndogo ya mtu mzima asiyetaka kujitutumua. Robo saa haikupita, kompyuta ikapata moto, feni yake ikaanza kukimbia. Sisi tulikuwa tukimsikiliza Bibi, hatukuisikia. Masikio yetu huchagua, maikrofoni haichagui.

Tulipomsikilizisha wimbo wake, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Wajukuu zangu, mbona mmetia mzinga wa nyuki humu?" Tukacheka, tukamwambia, "Bibi, tutarudi tunase upya." Habari ya kurudi kwetu tutaisimulia mwisho. Kwanza tujifunze yale ambayo ingalitupasa kuyajua siku ile.

1. Sikilizeni kimya kwanza

Kazi ya kwanza si kuimba, bali ni kunyamaza. Wekeni kila kitu tayari kama mtakavyonasa, kisha waambieni waimbaji wote wakae kimya, mkanase ule ukimya kwa muda wa nusu dakika. Halafu vaeni hedifoni, mkasikilize kwa makini. Mtashangaa kuona kwamba chumba mlichodhani ni kimya kimejaa watu: feni ya kompyuta, pangaboi la darini, jokofu la chumba cha pili, jenereta ya jirani, pikipiki na malori ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, majogoo, na usiku vyura na nyenje.

Baada ya hayo zimeni kitu kimoja kimoja, mkinasa tena kila mara. Hivyo mtajua kelele ipi ni ya nani. Tena yafaa mjue kanuni hii: kelele mbili zenye nguvu sawa zikiwa pamoja, mkiondoa moja, mtapunguza desibeli 3 tu, na sikio huona badiliko dogo. Mtu huhitaji kupunguza desibeli kama 10 ndipo aone kelele imekuwa nusu ya ilivyokuwa. Kwa sababu hii msianze na kelele ndogo. Ianzeni ile kubwa. Mwenye jenereta mlangoni asisumbuke kwa feni ya kompyuta.

2. Kwa nini kompyuta huvuma

Ndani ya kompyuta mna kitu kifanyacho hesabu, nacho kikifanya kazi hutoa joto. Feni imewekwa ili kulitoa joto hilo. Kazi ikiongezeka, joto huongezeka. Joto likiongezeka, feni hukimbia zaidi. Tena kompyuta nyingi za zamani zina diski izungukayo, nayo hutoa mlio wake mwembamba na mkwaruzo.

Mvumo wa feni si kelele ya ovyo tu. Una noti yake. Tufanye hesabu. Feni yenye mapanga 7, izungukayo mara 3000 kwa dakika, huzunguka mara 50 kwa sekunde. Kila mzunguko mapanga 7 hupita, basi hewa hupigwa mara 350 kwa sekunde. Na mitikisiko 350 kwa sekunde ni karibu sawasawa na noti ya F iliyo juu kidogo ya C ya katikati ya kinanda. Noti hii imo katikati ya sauti za wanawake. Basi kwaya ikiimba wimbo ambao F haina mahali ndani yake, feni huwa kama mwimbaji mgeni aliyekaa katikati ya sauti ya pili, akishika noti moja tangu mwanzo hata mwisho, wala hapumui. Feni za kompyuta za kubebwa huwa na mapanga mengi zaidi, na kwa hiyo mlio wake hupanda juu zaidi.

Lakini hapa ipo habari njema. Feni ikipunguziwa mwendo hata ukawa nusu, kelele yake hupungua kwa desibeli kama 15. Basi kila tufanyacho ili kompyuta isipate moto kina faida kubwa.

3. Ipoozeni kompyuta, msiifunike

Mambo ya kufanya ni haya:

Fungeni programu zote zisizohitajika, ikabaki ile ya kunasa peke yake. Kateni intaneti, maana kompyuta hupenda kujitafutia kazi yenyewe kwa siri, ikileta mambo mapya bila kuulizwa. Katika mipangilio ya umeme chagueni ile ya kutumia nguvu kidogo.

Ondoeni vumbi. Huku kwetu vumbi la kiangazi na chumvi ya pwani huingia po pote. Feni iliyojaa vumbi hukimbia sana na kupooza kidogo. Izimeni kompyuta, ondoeni umeme, kisha lisafisheni tundu la hewa kwa brashi laini na kavu, mkiishika feni isizunguke.

Iwekeni juu ya ubao mgumu, na vipande viwili vya mti chini yake, ili hewa ipite. Kuiweka juu ya godoro au juu ya khanga ni kuiziba pua.

Naseni asubuhi mapema, kabla jua halijapanda, badala ya adhuhuri kama tulivyofanya sisi. Chumba kikiwa baridi, feni nayo hulala.

Wako watu wafikirio hivi: "Kelele inatoka ndani ya kompyuta, basi tuifunike kwa blanketi au tuitie katika sanduku." Msifanye hivyo. Kompyuta iliyofunikwa hupata joto, feni hukimbia maradufu, na mwisho hujizima katikati ya wimbo, au huharibika kabisa. Ikiwa mwataka kizuizi, simamisheni kitu kizito na laini, kama godoro, kati yake na maikrofoni, mkiacha nafasi ya hewa pande zote.

4. Umbali ni dawa isiyonunuliwa

Tukiulizwa ni jambo lipi moja lililo kubwa kuliko yote, tutajibu: sogezeni maikrofoni karibu na mwimbaji, na kompyuta iwe mbali na maikrofoni. Haya mawili hayagharimu hata senti moja.

Sababu yake ni hii. Mahali pa wazi, kila mara umbali uongezekapo mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6. Kompyuta iliyo nusu mita kutoka kwenye maikrofoni, mkiipeleka mita 1, mmepunguza 6; mkiipeleka mita 2, mmepunguza 12. Ndani ya chumba faida huwa pungufu kidogo, kwa kuwa sauti hugonga kuta na kurudi; hata hivyo ni faida kubwa. Na kwa upande wa mwimbaji ni vivyo hivyo: aliyekuwa sentimita 80 kutoka kwenye maikrofoni, akisogea hata 40, sauti yake huongezeka kwa desibeli 6, akifika 20, huongezeka 12. Sauti ya wimbo ikiingia na nguvu, hamtalazimika kuifungua maikrofoni sana, na kelele zote za mbali hubaki huko nyuma. Lakini mtu asiikaribie mno hata pumzi zake zikaipuliza. Kiasi cha shubiri moja yafaa.

Tena angalieni mwelekeo. Maikrofoni nyingi za waimbaji zimetengenezwa kusikia mbele zaidi kuliko nyuma. Basi uso wake uelekee kwa mwimbaji, na mgongo wake uelekee kwenye kompyuta. Wengi hufanya kinyume: humweka mwimbaji katikati, kompyuta nyuma yake, na maikrofoni ikawatazama wote wawili. Tena msiziweke maikrofoni na kompyuta juu ya meza moja, maana mtikisiko wa feni hupita katika mbao na kupanda mguu wa maikrofoni. Maikrofoni isimame juu ya sakafu, na chini yake kitambaa kilichokunjwa.

5. Itoeni chumbani ikiwezekana

Iliyo bora kupita zote ni kuiweka kompyuta nje ya chumba cha kuimbia. Ukuta na mlango uliofungwa hufanya kazi kuliko hila zote tulizotaja. Lakini lazima mjue habari ya waya. Waya wa USB wa namna ya kawaida hauendi zaidi ya mita 5. Ukizidi hapo mashine haziaminiki kusikizana. Bali waya wa maikrofoni wa namna iitwayo XLR, wenye misumari mitatu, waweza kwenda mita 20 au 30 bila hasara. Basi kompyuta na kisanduku chake vikae chumba cha pili, na waya wa maikrofoni upite chini ya mlango.

Kwa nini waya huu haushiki kelele njiani? Ndani yake mna waya mbili zichukuazo sauti ile ile, lakini moja huichukua kwa kuigeuza, panapopanda hapa hushuka kule. Kelele ya njiani huziingia zote mbili kwa namna moja. Zifikapo mwisho, mashine hutoa moja katika nyingine: kelele, kwa kuwa ni sawa pande zote, huondoka, sauti, kwa kuwa ni kinyume, huongezeka.

Na ndugu wasio na waya mrefu wala chumba cha pili, msikate tamaa. Simu ya mkononi haina feni. Iwekeni katika hali ya kutopokea mawimbi, shubiri mbili mbele ya mwimbaji, juu ya kitambaa, mkanase nayo. Baadaye mtaihamishia sauti katika kompyuta. Wimbo ulionaswa kwa simu katika chumba kimya hupita ule ulionaswa kwa maikrofoni ya bei kubwa kando ya feni.

6. Mvumo wa umeme

Iko kelele nyingine isiyopita hewani, bali hupita ndani ya waya. Mtaijua kwa hili: mkifunga maikrofoni kabisa, au mkiipeleka nyumba nyingine, bado ipo. Hii ni kelele ya umeme.

Umeme wa nchi yetu hupiga mara 50 kwa sekunde, na mvumo wake ni mzito, wa chini, pamoja na ndugu zake wa 100 na 150. Mara nyingi chaja ya kompyuta ndiyo iletayo. Dawa yake ni nyepesi: jazeni betri ya kompyuta usiku, na wakati wa kunasa iondoeni chaja kabisa. Jaribuni jambo hili kabla ya kununua kitu cho chote. Wengi wamepona kwa hili tu.

Katika delta watu wengi hutumia umeme wa jua. Basi jueni kwamba inverta za bei nafuu hazitoi umeme wenye mawimbi ya mviringo, bali wenye pembe pembe, na pembe hizo husikika katika sauti kama mkereketo. Zimeni inverta, mtumie betri ya kompyuta. Na jenereta isiwashwe karibu, maana huleta kelele mbili, ya hewani na ya waya.

Ikiwa lazima kutumia umeme wa ukutani, vyombo vyote vya kunasia vichomekwe katika ekstensheni moja, si kimoja hapa na kingine ukuta wa pili. Vikiwa mbali mbali, waya za ardhi hufanya pete, na mvumo huzunguka ndani ya pete hiyo. Lakini twawaonya sana: wako wasemao kwamba mvumo hupona kwa kuukata waya wa ardhi katika plagi. Msithubutu. Waya ule umewekwa ili umeme ukivuja usimwue mtu, na mwimbaji ashikaye maikrofoni ya chuma ndiye atakayekuwa wa kwanza kudhurika. Hakuna wimbo ulio na thamani ya roho ya mwimbaji.

Simu nazo zitolewe nje au zifungwe mawimbi, maana ziitwapo huingiza mlio wa kukatika katika waya za sauti.

7. Chumba chenyewe

Chumba kitupu chenye sakafu ya saruji na kuta zilizopakwa chokaa huirudisha kila kelele mara nyingi. Laini vitu vyake: tundikeni blanketi na mapazia mazito, simamisheni magodoro mawili nyuma ya mwimbaji, acheni nguo zining'inie. Mkeka mmoja mwembamba hausaidii sana. Kitu kinene ndicho kinywacho sauti. Nyumba ya makuti huwa nzuri kwa kunasia kuliko ya bati, kwa kuwa makuti hayarudishi sauti kwa ukali, na bati likipigwa na jua hulia lenyewe, likipigwa na mvua hakuna wimbo tena.

Na majirani je? Waendeeni kabla. Waambieni siku na saa, mwaombe wazime redio na jenereta kwa muda mfupi. Tuwe na adabu kwa wenzetu wote: tupange kazi yetu nje ya saa za adhana, na nje ya saa ambazo mashua huondoka na maji kujaa, kwa maana injini za mashua haziwezi kungoja kwaya. Sisi tumeona majirani wakiulizwa kwa heshima hufurahi, na wengine huja kukaa barazani wasikilize.

8. Kusafisha baada ya kunasa

Hata tukifanya yote, mvumo kidogo hubaki. Programu ziko za kuupunguza. Mojawapo, Audacity, iliyotoka kwanza mwaka 2000, hutolewa bure. Kazi yake ni hivi: mwaionyesha kipande cha ukimya chenye mvumo tu, ili iujue, kisha mwaiamuru iupunguze katika wimbo wote. Ndiyo maana kila wimbo yafaa uanze kwa sekunde kumi za kimya. Bila kimya hicho, programu haina cha kujifunzia.

Lakini dawa hii ni kama chumvi. Kupunguza desibeli 6 hadi 12 kwafaa. Mkizidisha, sauti ya mtu huwa kama inatoka chini ya maji, au kama ya chuma, kwa kuwa programu haiwezi kuutenganisha mvumo na pumzi ya mwimbaji kila mahali. Kadhalika mwaweza kukata sauti zote za chini ya mitikisiko 80 kwa sekunde, maana sauti za besi hazishuki sana chini ya hapo. Lakini msifanye hivyo panapo ngoma. Na siku zote wekeni kando ule wa asili usioguswa. Programu za kesho huenda zikawa bora kuliko za leo, lakini kilichofutwa hakuna programu ya kukirudisha.

Wakati wa kunasa, sauti ya juu kabisa ifike kama desibeli 12 chini ya mwisho wa kipimo. Ikipita mwisho hupasuka, na kupasuka hakuponi.

Tuliporudi kwa Bibi

Sasa turudi kwenye habari yetu. Tulimwahidi Bibi kwamba tutarudi, lakini tukakawia. Leo shughuli hii, kesho ile. Katika Aprili 2024 yakaja mafuriko makubwa ya Rufiji na Kibiti, mashamba yakafunikwa, watu wengi wakahama. Na katika mwaka ule ule Bibi akaugua kifua. Tulipomwendea tena, tulikuwa tumejifunza. Tulifika alfajiri. Kompyuta ilikaa chumba cha pili bila chaja, magodoro yalisimama, maikrofoni ilikuwa shubiri moja mbele yake. Tulinasa kimya, tukasikiliza, wala hapakuwa na nyuki hata mmoja.

Bibi akaimba. Kila neno lilisikika, hata midomo ilipoachana. Lakini alipofika ubeti wa mwisho, mahali pa kupanda, alisimama. Akajaribu tena, akasimama tena. Kisha akatutazama, akasema, "Hapo sasa sifiki, wajukuu zangu. Ule wa nyuki bado mnao?"

Twashukuru kwamba tulikuwa nao. Hatukuwa tumeufuta, ingawa tuliuonea haya. Tumeupunguza mvumo wake kidogo, desibeli 6 tu, maana tulipozidisha, sauti ya Bibi pale juu ilianza kukatika kama uzi. Watoto wa kwaya wamejifunza ubeti ule kutoka humo, nao hucheka wakisema kwamba wanaimba pamoja na nyuki. Sisi hatucheki sana. Twajua kwamba ingalitosha siku ile kuivuta kompyuta mita mbili tu.

Basi, ndugu, mambo mawili twayaweka mbele yenu. La kwanza, jitayarisheni vema kabla ya kumwita mzee aimbe, maana huenda asiweze kuimba mara ya pili. La pili, msitupe kilichonaswa vibaya. Kiwekeni katika nakala tatu, na moja ikae mbali na nyumba yenu, mahali ambapo maji ya mto hayafiki.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika chumba mnamoimbia, kelele iliyo kubwa kuliko zote ni ipi? Mmeijuaje?

2. Kompyuta iko mita 1 kutoka kwenye maikrofoni. Mkiipeleka mita 4, mahali pa wazi mngepunguza desibeli ngapi? Kwa nini ndani ya chumba faida hupungua?

3. Feni yenye mapanga 9 huzunguka mara 2000 kwa dakika. Hupiga hewa mara ngapi kwa sekunde?

4. Mtu awaambia mwifunike kompyuta kwa blanketi, na mwingine awaambia mkate waya wa ardhi. Mtawajibu nini?

5. Ni nani katika mtaa wenu aliye na wimbo usioandikwa? Mtamwendea siku gani?

Swali la tano ndilo lisilofaa kungoja mwezi ujao.